Nani Aonje Kwanza

Asteria aliposalimu "Mwangaluka" pale kisimani, kila mwanamke aliona kitu cha kutazama ndani ya ndoo yake. Hakuna aliyeitikia. Foleni ilisogea, ndoo ya Asteria ikasukumwa pembeni kwa mguu, taratibu, kama mtu anavyosogeza jiwe lililomkalia njiani, na waliokuja nyuma yake wakateka wakaondoka. Jua lilipoanza kuuma akajitwika ndoo tupu, akarudi kwake.

Sababu aliijua, na Samuye nzima iliijua. Jumatano ile Luka, mjukuu wa jirani yake Esta, alikula kwake. Jua halijazama homa ikampanda mtoto, degedege likamkamata, na mama yake, Mariana, akapakiwa naye kwenye pikipiki mpaka hospitali mjini Shinyanga. Daktari akasema malaria imepanda kichwani. Kijiji nacho kikasema lake: Asteria amemroga.

Tena Asteria alikuwa na macho mekundu, na hilo halifichiki hata ukijitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Huku miti ni ya kutafuta. Mtu anapikia mashina ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, anapuliza, anapuliza tena, na moshi unamwingia. Ukianza kazi hiyo ungali msichana, ukaifanya mpaka wajukuu wako wanaoa, hayo macho yatakuwa meupe kwa dawa gani? Mwenyewe alikuwa akiwachezea nayo watoto wa jirani.

"Kalagu," angewaambia, akitega kitendawili.

"Kize," wangejibu wote.

"Nyumba yangu ina madirisha mawili. Moshi unaingia, hautoki."

Nao wangemnyooshea vidole usoni, macho yako bibi, macho yako, wakaangukiana kwa kicheko. Lakini hayo ni ya watoto. Wakubwa wa huku wanajua kwamba kikongwe mwenye macho mekundu si kila siku hufa kwa uzee wake.

Chakula chenyewe alifundishwa na mkamwana wake, Mwaisha, mke wa mwanawe Gregory. Mwaisha kwao ni Ngokolo, mjini, watu wa duka na viungo, na kila akija Samuye huja na kifurushi: zile shayiri bapa za pakiti ambazo watu wa mjini huzipikia uji, mdalasini, iliki, zabibu kavu. Badala ya kuzikoroga uji, unazichanganya na ndizi, mayai na maziwa, unazioka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Inatoka kama mkate, lakini ukiuma ndani unakutana na uji. Watoto waliita mkate wa uji. Asteria alikuwa nao kitendawili chake: mgeni wangu amelala, moto uko chini ya kitanda, moto uko darini, naye anazidi kunenepa. Aliyetegua alipewa kipande cha kwanza. Jumatano aliyetegua alikuwa Luka.

Pikipiki ilipoondoka na mtoto jioni ile, Asteria alipiga magoti palepale kwenye vumbi akamwambia Mungu, "Kinywa changu nakifunga. Sitatia chakula mpaka mtoto huyu arudi kwao." Tangu hapo alikuwa akinywa maji matupu, na sasa hata maji yalikuwa yale ya mwisho mtungini.

Ijumaa, jua likiwa linashuka, Esta aliingia uani kupitia pengo la ua wa minyaa, pale wanapopita mbuzi. Mlangoni hakupita.

"Mama Gregory, chukua kanga zako uende Ngokolo kwa mwanao."

"Kuna sherehe gani Ngokolo?"

"Usinitanie. Mwanangu Donatus kasikia ya mtoto wake, anakuja kesho asubuhi. Ameacha duara lake la kuchimbia dhahabu huko Runzewe, anakuja na wenzake. Amepitia kwa mganga, akaambiwa mbaya wake ni kikongwe wa jirani, anapika vitu vya kunukia."

"Mganga hajakosea. Napika vitu vya kunukia."

"Mama Gregory."

"Nikienda watasema nini?"

"Watasema angekuwa safi asingekimbia. Na nyumba wataitia moto."

"Na nikibaki?"

Esta aliinamisha uso. Alikuwa akichezea pindo la kanga yake, analikunja, analikunjua.

"Na wewe, Mama Dona, unasemaje? Wewe mwenyewe."

"Mimi si nimekuja?" Esta alisema. "Nimekuja, si unaniona?"

Asteria alimwona. Aliona pia kwamba rafiki yake, waliyebatizwa naye siku moja, alikuwa amesimama mbali na mkono wake.

"Mwambie Donatus aje ale," alisema. "Nitampikia kilekile alichokula Luka. Watu waone. Mtu akishakula kwako, mbele ya macho ya watu, atakuinulia panga na mkono upi?"

"Atakataa."

"Basi akatae chakula kikiwa mbele yake. Tutajua tunakataana nini."

Alfajiri ilimkuta jikoni. Pakiti ya shayiri ilikuwa imebaki nusu. Akaponda ndizi zilizoiva mpaka ganda likafanya madoa, akapasua mayai, akakamua mbuzi wake, kwa maana maziwa ya ng'ombe hakuna ambaye angemuuzia. Akakata embe, akatia asali. Mdalasini aliutwanga mwenyewe, na iliki, na karafuu chache, harufu ikapanda mpaka kwenye nyasi za paa, na kwa mara ya kwanza maishani harufu ile ikamtisha. Alipenda kuinusa. Leo ilikuwa kama mtu anayemsengenya kwa sauti kubwa, kijiji kizima kikisikia.

Alipokoroga akainua mwiko mdomoni kuonja utamu, kama alivyofanya siku zote, akakumbuka nadhiri, akaufuta mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Alipika kwa pua. Akapaka sufuria nyingine samli, akamimina, akapanga makaa chini na juu, akakaa mbele yake akiongea nayo. Usiungue. Leo tu, nakuomba. Kesho ukitaka ungua.

Pikipiki mbili zilifika jua likiwa limeshachomoza vizuri. Donatus alishuka wa kwanza, mwembamba kuliko alivyoondoka, vumbi la machimbo limemkaa kwenye mikunjo ya shingo. Wenzake walikuwa wawili. Mmoja mnene waliyemwita Januari, mwenzake akabaki juu ya pikipiki na kitu kirefu kimefungwa kwenye gunia. Esta alikuja nyuma yao kwa miguu, anahema. Na ng'ambo ya minyaa watu walianza kusimama, mmoja mmoja, kama waliopita tu njia.

Donatus hakusema shikamoo.

"Marahaba," Asteria alisema. "Nimekuitikia kabla, najua umechoka na safari. Hali ya mtoto?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe baba yake."

"Amelala vilevile. Mariana anasema jana alimwita mama mara moja, basi." Akaipandisha sauti. "Daktari anasema malaria. Sawa, malaria. Nani aliituma?"

"Kaa kwanza, mwanangu."

Hakukaa. Esta akapita mbele yake, akavuta kigoda, akakaa yeye, na mtoto wa mtu hawezi kumsimamia mama yake kichwani kama askari, kwa hiyo naye akakaa.

Asteria alileta sufuria, akaiweka juu ya meza ndogo hadharani, akafunua. Mvuke ukapanda. Uso wa juu ulikuwa wa kahawia, haujapasuka popote, vipande vya embe vimezama nusu, na pembeni pameshika rangi ya kuungua kidogo. Kilikuwa kimetoka vizuri kuliko siku zote. Akakata kipande, akakiweka kwenye sahani, akamsogezea Donatus kwa mikono miwili.

"Ndicho alichokula. Hata asali ni ile uliyoniletea wewe mwaka jana."

Donatus aliitazama sahani. Halafu akairudisha, kwa kidole kimoja.

"Onja."

Na hapo Asteria akaliona kosa lake. Kila mtu huku anajua: mwenye chakula huonja kwanza mbele ya mgeni, ndiyo kusema kilichomo nimekula na mimi. Alikuwa amefanya hivyo tangu akiwa binti. Alikesha akipanga moto, akapanga maneno, akapanga hata mahali pa kuweka kigoda, na hilo moja halikumjia, kwa sababu tangu Jumatano kinywa chake alikuwa hakihesabu tena kama chake.

"Onja, mama," Donatus alirudia.

"Nimefunga."

Kisha Januari akacheka. "Nina kitendawili," alisema. "Bibi kapika, bibi hali. Mteguaji nani?"

Ng'ambo ya ua mtu mmoja aliguna.

"Nimefunga kwa ajili ya Luka," Asteria alisema. "Nilimwekea Mungu nadhiri. Sili mpaka arudi."

"Leo ndiyo umefunga," Donatus alisema. "Leo nilipokuja."

"Tangu Jumatano."

"Nani shahidi?"

Shahidi hakuwepo. Kufunga kwenyewe ndivyo kulivyo, ukimwambia mtu umekuharibu. Asteria alikitazama kipande. Njaa ilikuwa ikimvuta kwa mikono miwili. Kula kidogo tu, tonge moja, na hawa watu wangepanda pikipiki zao. Lakini alikuwa amemshika mtoto kwa kamba hiyo ya kufunga tangu Jumatano. Jana kaita mama. Na yeye leo aiachie kamba kwa kuogopa panga? Na asipokula, watamwua yeye, na watakayemwua watasema ni mchawi aliyekataa chakula chake mwenyewe. Akashika kipande. Akakiweka. Akakishika tena, makombo yakimwanguka mapajani, machozi yakimshuka kwenye yale macho ambayo hakuna aliyeamini machozi yake.

"Siwezi," alisema. "Donatus, mwanangu, nikila nitakuwa nimemwuza. Siwezi."

Yule wa kwenye pikipiki akashuka.

"Lete huku," Esta alisema.

"Mama, acha."

"Nyamaza wewe. Mtoto huyo alipozaliwa ulikuwa umo shimoni unatafuta mawe. Aliyempokea kwenye kanga ni mimi, na aliyechemsha maji ni huyu." Akakitwaa kipande mkononi mwa Asteria. Akakinusa kwanza, Asteria alimwona, kwa hiyo alijua Esta hakuwa na uhakika. Esta alikuwa anaogopa kama wao. Akatia mdomoni hivyohivyo, akatafuna, akameza.

"Chumvi imepungua," alisema.

Donatus alikuwa akiutazama mdomo wa mama yake kama mtu anayetazama kamba ya mwenzake ikishuka duarani.

"Sumu nyingine huenda polepole," Januari alisema.

"Basi kaa usubiri. Una kazi gani nyingine?" Esta akakata kipande cha pili.

Wakasubiri. Kuku walipita. Jua likapanda juu ya minyaa, kivuli kikawaacha, na Esta akaendelea kula bila kuharakisha, mpaka Donatus mwenyewe akauliza bila kumtazama mtu.

"Alikula kingi?"

"Pembeni," Asteria alisema. "Luka hapendi katikati. Anapenda hapa pembeni palipoungua. Anasema panalia kwenye meno."

Donatus aliinamia sufuria muda mrefu. Kumbe hakuwa akilijua hilo. Mtu yuko Runzewe, atajuaje mwanawe anapenda kula nini. Akanyoosha mkono, akavunja kipande cha pembeni, kikalia kweli. Hakukila. Alikitia mfuko wa shati, akasimama.

"Mama, twende nyumbani."

"Siendi."

"Mama."

"Nimekula cha hapa. Kama kitaniua, kiniue hapahapa, hao wanaochungulia waone. Kama hakitaniua, waone pia. Nitalala humu mpaka mtoto arudi. Mkija na moto wenu mjue na mimi nimo."

Donatus alimgeukia Asteria. "Mtoto akifa," alisema, lakini hakumalizia, kwa sababu mama yake alikuwa bado anamtazama. Akaashiria wenzake kwa kichwa. Pikipiki zikawaka, zikaelekea mjini, hospitali.

Wanawake wawili wakabaki uani. Hakuna mtu ng'ambo ya ua aliyeondoka. Wengine waliketi kabisa. Adhuhuri Esta alisema kichwa kizito, ni jua tu, akajinyoosha kwenye mkeka mlangoni, akafumba macho.

Asteria alikaa pembeni yake akifukuza nzi. Aliitazama sufuria, nusu imeliwa. Akarudia kila alichotia: ndizi, mayai, embe, asali. Mdalasini ulikuwa wa kifurushi kilekile cha Jumatano. Iliki ilikuwa ileile. Vipi kama kuna kitu? Vipi kama upo uovu ndani yake ambao hata yeye hakuambiwa, watu wote wakauona isipokuwa mwenye nao? Kifua cha Esta aliona kama hakipandi. Akapeleka mkono polepole, akauweka chini ya pua ya rafiki yake.

"Nahema, Mama Gregory," Esta alisema bila kufumbua macho. "Ondoa mkono wako. Unanuka mdalasini."

Asteria akauondoa. Alisubiri kidogo, halafu akaurudisha.