Sura Iliyokuwa kwa Mchapaji

Ukimwona kwa mbali ungesema anaandika. Mgongo umeinama, kalamu inakimbia, ukurasa unajaa toka juu hadi chini, na kila baada ya mistari kadhaa anasita, anatazama dari, kisha anaendelea kama mtu aliyekumbushwa jambo. Ungesogea karibu ndipo ungemwonea haya. Hapakuwa na neno hata moja pale. Palikuwa na vitanzi na mikia ya wino, nukta zilizotupwa hapa na pale, sura yote ya mwandiko wake bila kitu ndani. Mwandishi wa riwaya tano, mtu mzima na mvi zake, alikuwa amekaa mezani Jumamosi asubuhi akichora maandishi.

Hakuyaanza leo wala jana. Miezi saba nyuma, sura ya kumi na mbili ilimgomea. Ndani yake mtu mmoja anakwenda hospitali kumuaga kaka yake anayekata roho. Mwandishi alimpandisha ngazi vizuri, akampitisha kwenye ukumbi mrefu, akamfikisha mlangoni mwa wodi, na hapo yule mtu akasimama. Alimsukuma, alimbembeleza, alimpa hata mvua ya kumfukuza nje. Wapi! Akabadili kalamu. Akahamisha meza dirishani, akairudisha. Akaacha kahawa kwa nadhiri, akairudia kwa hasira. Akawa anazunguka nyumba nzima, hadi mkewe akamwambia sakafu nayo ina haki ya kupumzika.

Mhariri wake alipopiga simu kuuliza imefikia wapi, jibu lilimtoka lenyewe: iko kwa mchapaji. Uongo nao, ukishazaliwa, hutaka kulelewa. Ilibidi basi mchapaji awe na kitu mkononi.

Mchapaji huyo alikuwa shemeji yake, mjane wa kaka yake, aliyekuwa karani wa shule miaka thelathini. Ndiye binadamu pekee aliyeweza kuusoma mwandiko ule. Katika ukoo walitania kwamba mwandishi mwenyewe humwendea shemeji kuuliza aliandika nini. Riwaya zote tano zilipita vidoleni mwake, na hii ya sita hadi pale mlangoni mwa wodi; na tangu afiwe, miaka miwili sasa, Jumamosi ya kurasa ndiyo siku aliyovaa vizuri. Saa nne mwandishi huleta za wiki hiyo, akachukua zilizochapwa.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Shemeji angezitazama zile kurasa, angesema leo umejishinda mwenyewe, wangecheka, naye angezirudisha nyumbani kuziandika upya. Wiki moja ingekuwa imepatikana. Lakini Jumamosi ya kwanza shemeji alizipokea kimya na kuziweka kando ya kompyuta. Ya pili akasema bado anaendelea nazo. Ya tatu vilevile. Leo ilikuwa ya sita, na mwandishi, aliyepaswa kushukuru, alikuwa hatulii. Alitia kurasa nne mpya katika bahasha akatoka huku kifungo kimoja cha shati hakijafungwa.

Mlangoni alipokewa na binti wa marehemu. Binti hakumkaribisha ndani. Alirudisha mlango nyuma yake akaanza kusema kwa sauti ya chini: mama amebadilishiwa miwani mara mbili mwezi huu. Daktari amempima hadi amechoka, anasema macho ni mazima. Sasa mama amejiambia kwamba kama si macho, basi ni kichwa. Anamkumbuka mama yake mzazi, aliyemaliza siku zake akiwaita wanawe kwa majina ya majirani.

"Baba mdogo, jana kanikabidhi funguo za kabati lake," binti alisema. "Anasema nizishike mapema, angali anajua ni za nini."

Mwandishi aliikamata bahasha kwa mikono miwili. Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo, lakini hakuwahi kufikiri kwamba mwishoni mwake angemkuta mtu mwingine amekaa.

Shemeji yake alikuwa mezani, taa imewashwa mchana kweupe, miwani minene puani. Alimchangamkia kuliko wiki zote. Akampa kurasa kumi na nne zilizochapwa, zimebanwa vizuri, akasema amemaliza, palipofifia amejaziajazia kidogo, atasahihisha mwenyewe.

Mwandishi alizisoma akiwa wima. Kwanza kicheko kilimpanda, kisha kikafia njiani. Yule mtu alikuwa palepale mlangoni, ila sasa alionekana kutoka ndani, kutoka kitandani. Mgonjwa alimwona kupitia kioo cha mlango. Aliona mkono ukishika kitasa, aliona ukikiachia, aliona mgongo ukiondoka. Akamwambia mkewe, usimwambie nimemwona, ataona haya. Kisha akaomba ageuziwe mto aelekee mlangoni, pengine angerudi. Aliishi hadi alasiri.

Mwandishi alishika ukingo wa meza. Siku kaka yake alipofariki aliwaambia watu wote kwamba habari zilimfikia kwa kuchelewa. Hakumwambia yeyote, hata mkewe, kwamba alifika.

"Mistari mingi sikuiona," shemeji alisema taratibu, "lakini nilijua unasema nini. Miaka miwili nasubiri ulitamke. Nimeshukuru umelitamka."

Hapo ndipo palipomkaba. Ile sura ilikuwa hai, bora kuliko zote kumi na moja. Mhariri angeipata Jumatatu. Na toba yake, iliyomshinda miaka miwili, ilikwisha kupokelewa na kusamehewa. Kilichotakiwa kwake ni kunyamaza tu. Alitamani kunyamaza, tusimsingizie. Alifungua mdomo kusema asante.

Shemeji alikuwa akiangalia kalenda ukutani. "Leo ni Jumamosi, si ndiyo?" aliuliza, kwa sauti ya mtoto anayeogopa kukosea.

Mwandishi aliifungua bahasha, akatandaza ukurasa wa kwanza chini ya taa. "Nisomee mstari huu, shemeji."

Aliinama. Alisogeza taa, akapandisha miwani, akaishusha. Kidole chake kilifuata wino hadi ukingoni, kikarudi mwanzo.

"Sioni," alisema.

"Huoni kwa sababu hakuna kitu. Hata zile za nyuma, zote. Nilikuwa nachora. Sina neno hata moja, miezi saba sasa. Wewe ni mzima, shemeji. Mgonjwa ni mimi."

Shemeji alivuta droo. Alizichukua kurasa za wiki zote, akazipitia moja moja bila haraka, kama karani anayekagua faili lililochezewa. Kisha akavua miwani. Mwandishi alingoja kicheko, au kofi. Lolote lingekuwa nafuu.

"Wiki tano," alisema, "kila asubuhi nataja majina ya wanangu kabla sijatoka kitandani. Nikiyamaliza ndipo nashusha miguu."

Mwandishi alitafuta neno la kuomba radhi. Maneno yalikuwapo, tena mazuri, ya vitabuni, ndiyo maana aliyaogopa.

"Kwa hiyo hili la mlangoni hukuliandika."

"Sikuliandika."

"Lakini ulifika."

"Nilifika."

Shemeji alinyoosha mkono akazitwaa zile kurasa kumi na nne kutoka mikononi mwake. Alizisawazisha kwa kuzigonga mezani, akazitia kwenye droo, akaisukuma ikafunga. "Hizi ni zangu," alisema. "Nilikuwapo mimi."

Naye mwandishi akabaki mikono mitupu. Sura ilikuwa imekwenda, mhariri atapiga simu, na hakuwa na hata uongo wa kumpa. Shemeji alizima taa. Alipoona jicho la mwandishi limeikimbilia kompyuta, akaigeuzia mgongo.

"Usitafute vya kuandika. Leo sichapi. Niambie tu."

Mwandishi alikaa. Alijaribu kuanzia ngazini akaona anapamba, akaacha. Akajaribu kuanzia kwenye ukumbi, akaacha.

"Nilimwona alivyokonda," alisema hatimaye, "nikaogopa kwamba atanitambua."

Shemeji yake alivuta kiti karibu, akaweka mikono mapajani, akasubiri yaliyobaki.