Kijiko Kilichofungwa Kitambaa

Kijiko cha mama yangu kilikuwa kimeviringishiwa kitambaa mpini mzima, kikanenepa kama kidole kilichoumia. Mtaalamu wa mazoezi ndiye aliyekifunga hivyo, ili mkono wa kushoto, ambao maisha yote ulikuwa msaidizi tu, upate pa kung'ang'ania. Kila nilipofika saa ya chakula cha mchana nilikikuta palepale kando ya sahani, kikavu, kisafi. Wali umepoa. Mchuzi umefanya ngozi juu. Na Mama amegeuza uso, anatazama dirishani.

"Mama, kula basi," nasema.

Hajibu. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, kikachukua na ulimi juu yake. Alichoachiwa ni macho, mkono mmoja, mguu mmoja, na mguno ambao kila mtu aliutafsiri apendavyo.

Nyumba ile ya kuuguzia ilikuwa ya ghorofa moja tu, na kila aliyeingia alijifunza maana yake siku hiyohiyo. Chini ni kwa wanaofundishwa upya: kutembea, kuvaa, kula, kisha warudi makwao. Juu ni kwa wanaokaa. Mpaka lini, hakuna aliyesema. Wagonjwa wa chini walitaniana, "Ukitega mazoezi utapandishwa cheo," wakacheka sana. Lakini lifti ikifunguka, kila shingo iligeuka kuona nani anaingizwa.

Mimi na kaka yangu tulikuwa tumekwisha kukubaliana. Mama akiweza kutoka kitandani hadi kitini, na akaweza kujilisha, anarudi nyumbani. Mimi nitashinda kazini, Baba atashinda naye. Asipoweza, Baba peke yake hamudu. Macho yake yamefifia, jiko lenyewe analiwasha kwa kupapasa. Basi kitanda na kiti Mama alivishinda mapema, kwa ubishi wake uleule wa zamani. Kilichobaki ni kijiko.

Hapo ndipo mtaalamu alipotoa amri. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, na maneno yake yalikuwa mafupi.

"Mtu yeyote asimlishe. Akimwaga, amwage. Akikosa mchana, jioni mkono utatafuta wenyewe. Njaa inafundisha kuliko mimi. Mzee, umenisikia?"

"Nimesikia, binti yangu," alisema Baba, na kofia akaivua kabisa.

Sasa lazima mumjue Baba. Kazi yake yote ya maisha ilikuwa kupika katika shule ya bweni. Wanafunzi walimwita Bwana Ukoko, maana aliyechelewa akakuta chakula kimekwisha hakulala na njaa. Baba alikwangua sufuria mpaka kikapatikana cha kumpa. Hata nyumbani jiko lilikuwa lake. Majirani walimsema Mama kwamba ni mke gani huyu anayepikiwa na mume, naye alikuwa akiketi kibarazani na sahani yake mapajani, kijiko kinakwenda na kurudi taratibu, akiwaambia, "Semeni tu, mimi nashiba." Alikula kwa madaha, mama yangu. Ungedhani anatazamwa na harusi nzima.

Na sasa sahani zilirudi jikoni kama zilivyokuja. Wauguzi wakaanza kunong'onezana kwamba mgonjwa hana hamu, amekata tamaa. Mimi si mtu wa maneno laini, na uchovu hauniongezei ulaini. Siku moja nilimwinamia nikamwambia, "Unataka upelekwe juu, Mama? Ndicho unachokitaka? Sema basi nijue!" Akanitazama. Chozi likamtoka jicho la upande mzima, lile lingine likabaki kavu. Baba alikuwa pembeni anaikunja na kuikunjua kofia yake.

"Mwache, binti yangu," aliniambia. "Mwenzio anaumwa, hakatai."

Siku ya kikao cha kuamua, niliomba ruhusa kazini nikafika tangu asubuhi. Kitanda cha Mama kilikuwa kitupu. Kwenye kitanda cha pili alikuwapo yule tuliyemwita Mama Redio, mwanamke aliyevunjika nyonga lakini mdomo wake haukupata hata mkwaruzo. Alikuwa anajichana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unamtafuta mwenzangu? Yuko karamuni."

"Karamu gani tena?"

"Ala, hujui? Huko nyuma, kwenye kamba za kuanikia. Mumewe humpeleka akaote jua, eti. Jua gani hilo linalonuka supu? Sisi tunabaki kumeza mate. Mama yako anakula kuliko chumba hiki chote, halafu mchana wanamletea sahani wanashangaa haigusi. Aiweke wapi?" Akacheka, kisha akaniona uso wangu, akaacha kuchana. "Jamani. Nimeropoka?"

 Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikapita mapipa ya taka na chumba cha kufulia, mpaka kwenye kamba. Mashuka yalikuwa yameanikwa safu kwa safu, na kati ya safu mbili niliwaona. Mama yumo katika kiti cha magurudumu. Baba amekalia ndoo iliyopinduliwa, chupa ya chai katikati ya magoti yake, kijiko cha nyumbani mkononi. Anachota, anapuliza, anagusisha mdomo kupima moto, anampelekea. Hakumwaga hata tone. Na kila kijiko kilipokaribia, mkono wa kushoto wa Mama uliinuka kutoka mapajani ukamshika Baba kifundo cha mkono. Baba alitabasamu.

Nilikuwa nimekuja nimejaa, tayari kupasuka. Mkono ule ulinipunguza kasi. Nilisimama nyuma ya shuka nikiwatazama, na moyo ukaniuma kwa namna ambayo hasira haikuweza kuisaidia.

"Baba."

Alishtuka, akaifunika chupa kwa koti.

"Kila siku, Baba?"

"Kidogo tu."

"Nimekuuliza kila siku?"

Akashusha pumzi. "Wewe hukumwona mara ya kwanza, mwanangu. Alikipeleka kijiko, kikaenda kuishia shavuni. Wali umemjaa kifuani. Wakaja kumpangusa kama mtoto mchanga, tena mbele za watu, na wako waliocheka. Mama yako huyu! Nikasema, sivyo. Akishiba mapema, asubuhi na tena alasiri, mezani hana haja ya kuhangaika na kile kijiko. Aondoke hapa na heshima yake."

"Haondoki! Ndiyo maana haondoki, Baba! Wanaketi leo!"

"Lakini anafurahi," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua sana. "Huoni anavyonishika? Kila kijiko ananishika. Ananishukuru."

Nilimtazama Mama. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mkono wa shati la Baba.  Nikakigeuza kiti nikaanza kukisukuma.

Katika chumba cha kikao walikuwapo mtaalamu wa mazoezi, daktari na muuguzi mkuu. Sikungoja nikaribishwe.

"Mama yangu hajakataa kula," nilisema. "Ameshiba. Baba amekuwa akimlisha kwa siri."

Baba akakiri, kofia mkononi, kwa maneno yaleyale ya kwenye kamba. Mtaalamu alifumba macho kidogo. Hakuonyesha hasira, na ningependa angekasirika.

"Basi na tujaribu sasa hivi," alisema.

Ikaletwa sahani ya viazi vya kupondwa, na kile kijiko chenye kitambaa. Nilitaka kupiga kelele kwamba mtu aliyejaa hadi kooni hajaribiwi kwa chakula, lakini nafasi ni nafasi, nikanyamaza. Mama alitutazama mmoja mmoja. Akakishika kijiko. Mkono ulitetemeka, ukafika sahanini, ukachota, ukaanza kupanda. Ulipofika usawa wa kidevu, harufu ikamfikia. Akakunja uso, tumbo likakataa, na vidole vikalegea. Kijiko kikaanguka sakafuni na viazi vyake.

Baba aliinama kukiokota.

"Mzee, acha," alisema mtaalamu.

Akabaki vilevile, hajainama wala hajainuka.

"Mpeni wiki moja," nilisema. "Nitamzuia Baba mimi mwenyewe. Nitamfungia ndani kama mbuzi. Wiki moja tu."

Muuguzi mkuu alinitazama kwa huruma iliyozoea kazi. "Dada yangu, kitanda chake kimekwisha kupata mtu. Anatoka hospitali alasiri hii. Huko juu si kaburini. Tutamwangalia tena."

"Lini?"

"Nafasi ikipatikana."

Alasiri hiyohiyo walimpandisha. Mama Redio alimpa lile chanuo lake, akamwekea mapajani, na mara ya kwanza tangu tumjue hakusema neno. Lifti ilipofunguka, shingo ziligeuka.

Juu kulikuwa na ukimya wa watu wengi. Viti vilipangwa ukutani, na televisheni ilionyesha picha bila sauti. Niliuliza habari ya kijiko cha kitambaa. Mhudumu akaniambia kwa upole kabisa kwamba huku havitumiki. "Tunawalisha sisi wenyewe, dada. Ni haraka zaidi, na hawachafuki." Nikaona jinsi alivyofanya: anapita safu, bakuli mkononi, mdomo huu, mdomo ule, na kila mdomo unajifungua wenyewe akikaribia.

Kesho yake Baba alikuja amevaa shati lililopigwa pasi. Chupa aliishika mkononi wazi.

"Angalau huku hakuna wa kutukataza," aliniambia.

Nilimchukia kwa sentensi ile. Na palepale nikaona alivyokosea vifungo vya shati, kimoja kimepanda kimoja kimeshuka, kwa sababu ya macho yake yale, na chuki ikakosa pa kukaa. Nilikaa upande wa pili wa kitanda, karibu, magoti yangu yakigusa godoro.

Baba alimimina supu kwenye kifuniko, akakitua juu ya kimeza cha kitanda. Akachota, akapuliza, akapima moto. Akapeleka. Mkono wa kushoto wa Mama ukainuka, ukamshika kifundo.

"Umeona?" alinong'ona Baba. "Hata huku."

Niliona. Kwenye mashuka nilikuwa mbali. Hapa nilikuwa karibu. Vidole vya Mama havikuwa vimetulia pale. Kucha zilikuwa nyeupe kwa nguvu. Viliteremka kutoka kwenye kifundo, vikapita kidole gumba cha Baba, vikafika kwenye mpini, vikavuta. Na Baba, kwa mapenzi yake yote, alitumia mkono wa pili kuvibandua kimoja kimoja, akavirudisha mapajani, akavipigapiga kidogo kama unavyombembeleza mtoto. Kisha akapeleka kijiko. Mama akameza. Mkono ukainuka tena.

Nilikumbuka kamba, na ndoo, na asubuhi zote zile. Kila siku alikuwa akikiomba, na kila siku alirudishiwa mkono wake mapajani.

"Baba," nilisema. "Achia."

"Niachie nini?"

"Kijiko. Mwachie."

Alinitazama, akamtazama mkewe. Supu ilikuwa inatikisika ndani ya kijiko. Sijui aliona nini kwa macho yale, lakini uso wake ulibadilika, ukazeeka mbele yangu. Vidole vyake vikafunguka polepole.

Kijiko kilikuwa chembamba, hakina kitambaa, kikageuka mkononi mwa Mama na supu yote ikamwagika juu ya shuka. Mkono wa Baba ukaruka kwenda kumsaidia. Nikaudaka. Nikaushika kifundo, kwa nguvu.

"Jamani, mnamchafua!" Mhudumu alikuwa anakuja na kitambaa. "Nipeni nimlishe mimi."

"Tafadhali," nilimwambia. "Subiri."

Mama hakututazama hata mmoja wetu. Alichovya tena. Safari hii kijiko kilipanda kikimwaga njia nzima, kikagonga shavu, kikateleza hadi pembeni mwa mdomo, na mdomo ukakifuata. Sidhani lilibaki zaidi ya tone moja. Alilimeza. Kisha akakiteremsha tena kwenye kifuniko, taratibu, supu ikimchuruzika kidevuni.

"Itapoa," alisema Baba. "Mwanangu, itapoa."

Mkono wake ulikuwa unavuta ndani ya kiganja changu. Sikuuachia.