Gari Lililonukia Asali

Mwaka ule petroli iliadimika Mpanda mpaka watu wakasahau harufu yake. Treni ilileta chumvi, ikaleta barua na abiria wenye vumbi, lakini mapipa ya mafuta hayakushuka. Wenye magari waliyaacha uani kuku watagie ndani, wakapanda baiskeli kama binadamu wengine. Wote isipokuwa Makarius, fundi wa mtaa wa Kashaulili, ambaye aliona ni aibu fundi wa magari kwenda ukweni akinyonga baiskeli.

Na ukweni alitakiwa aende. Mkewe, Verdiana, alikuwa kwao Inyonga tangu kabla ya Kwaresima. Hawakugombana. Walimzika mtoto wao wa kwanza, kichanga ambaye hata kukaa alikuwa hajaweza, na matanga yalipoanuliwa Verdiana akaomba akapumzike kwa mama yake. "Nitakungoja uje unichukue," alisema. Mke aliyekwenda kwao namna hiyo hajirudishi. Hufuatwa na mumewe mwenyewe, na asipofuatwa wazee huhesabu kwamba ameachwa.

Makarius hakukaa chini kulia. Aliingia gereji. Alikumbuka gari aliloliona utotoni kwa Mgiriki mmoja wa tumbaku, lililotembea kwa mkaa: pipa nyuma, moto ndani yake, na gesi ya ule mkaa inavutwa na bomba mpaka kwenye injini, mahali pa petroli. Akaanza kuchomelea pipa kwenye Landrova yake kuukuu. Pasaka ikapita, mahindi yakavunwa. Kila mwendesha baiskeli aliyetoka Inyonga na salamu za Verdiana alirudishwa na jibu lilelile: "Mwambie gari liko karibu." Alichoka mpaka kwenye mifupa, na uchovu ule aliupenda, maana ulimnyima nafasi ya kuwaza.

Ikabaki kuichuja gesi majivu yasiingie kwenye injini. Hapo akafanya jambo la mtu wa nchi ya asali. Alipasua mzinga wa magome aliopewa na mkwewe, mzee Alois, siku ya harusi, akayatwanga magome yakawa nyuzi, akayashindilia kwenye chujio. Gari likawaka. Kashaulili nzima ikapiga vigelegele.

Lilikwenda vizuri mpaka ndani ya msitu, Inyonga si mbali tena, kisha likakohoa likazima. Makarius alifungua bomba akakuta nta. Magome yale yalikuwa yamelowa nta ya miaka, joto likaiyeyusha, injini ikaimeza, ikagandia humo. Mtoto wa warina asali, akasahau nta! Alikaa katikati ya barabara, hana nguvu hata ya kutukana.

Maduhu, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia upande ule na ng'ombe wake, ndiye aliyemkuta. Alilizunguka gari, akanusa.

"Ng'wanawane, mwanangu, gari yako inanukia asali! Inakula nini hii?"

"Mkaa."

"Ya kwangu inakula majani tu," akasema Maduhu, akaenda kuleta maksai na mnyororo.

Basi Makarius akaingia ukweni akikokotwa na ng'ombe, mweusi kwa masizi, watoto wakimfuata kwa kelele. Aibu aliyoikwepa miezi yote ilikuwa imetangulia kufika.

Verdiana alitoka nje. Hakucheka. Alilitazama pipa, kisha akamtazama yeye.

"Karibu, baba Josephina."

Tangu mazishi hakuna mtu aliyemwita kwa jina la mtoto.

"Nimechelewa, mke wangu. Gari limenisumbua."

"Gari nilikuagiza lini? Baiskeli zinafika hapa kila siku ya soko. Nilikuwa nazitazama zote."

Makarius akaanza kufuta masizi mikononi.

"Umeshamlilia?" akauliza Verdiana, taratibu.

"Bado."

Akaketi kwenye bampa, na hapohapo, mbele ya mkwewe na watoto wa watu, akalia kwa sauti. Alimlilia Josephina, akalia na uchovu wake wote. Maduhu aliwageukia ng'ombe wake, akawa anafungua mnyororo ambao alishaufungua.

Verdiana alileta maji kwenye beseni, akamwosha uso yeye mwenyewe, masizi na machozi pamoja.

"Leo lala," akamwambia. "Kesho tutaondoka. Kwa baiskeli ya baba."