Redio ya Asli Haiuzwi

Adano alipomwambia mama yake kwamba mnunuzi wa redio angefika kabla ya sala ya Alasiri, Asli hakugombana naye. Alimaliza chai yake kwanza, akaweka kikombe pale alipojua meza ipo, kisha akamwambia amwandalie mgeni chakula kizuri, maana angerudi Meru mikono mitupu.

Nani asiyemjua Asli Ganya katika mtaa ule wa Isiolo? Zamani, kabla simu hazijafika kijijini Korbesa, ni yeye aliyekaa kwenye kibanda cha mabati cha shirika la misaada akiita mjini kwa redio kuomba dawa, kuomba ndege ya mgonjwa, kusema mto umekata barabara. Alipostaafu akaja kuishi kwa mwanawe, akafanya mtihani, akapata leseni yake mwenyewe ya kuzungumza hewani kwa mapenzi tu, na akiba yake yote ikaishia kwenye redio moja nzuri. Wanawake wa rika lake walikuwa na vyama vyao vya kuchangiana. Yeye alikuwa na marafiki Nanyuki, Kitale na Voi ambao hajawahi kuwaona sura.

Halafu presha ya macho ikaanza kumla taratibu. Siku moja alisoma nane akadhani ni tatu, akaingia kwenye masafa asiyoruhusiwa, akakatiza mazungumzo ya watu, na akaambiwa hivyo waziwazi mbele ya kila aliyekuwa akisikiliza. Uso ulimchoma kwa aibu. Alizima redio kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu mwenye leseni asiyejua yuko masafa gani hana haki ya kufungua mdomo, na Asli hakuwa mtu wa kuvunja sheria eti kwa kuwa anahurumiwa.

Basi Adano, dalali wa ng'ombe, mtoto mwema kabisa lakini mwepesi wa kuamua mambo ya wengine, akaona mama yake anakaa kila jioni akipapasa vitufe vya chombo kilichonyamaza. Roho ikamuuma. Akaona dawa ni kukiondoa nyumbani. Hakumuuliza mwenyewe, na hilo ndilo lililomwudhi Asli kuliko hata upofu.

Asubuhi hiyohiyo Asli akampigia Esekon, mzee mwenzake aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko la mifugo. Walikuwa wamelizungumza jambo hilo kitambo: redio ile inaweza kufungwa kwenye kompyuta kwa waya, programu ikaiuliza iko masafa gani, na kompyuta ikayataja kwa sauti. Adano aliposikia akacheka, lakini akakubali sharti. Mama akiweza kuzungumza na mtu hewani bila yeyote kumsomea namba, yeye atanyamaza. Akishindwa, redio inaenda na mnunuzi.

"Na ukinyamaza, unyamaze kweli," Asli akamwambia.

Esekon akaja na kompyuta yake kuukuu, akachomeka waya. Kimya. Akachomoa, akachomeka tena. Kimya. Kumbe alikuwa amebeba waya wa kuchaji simu, wa kupitisha umeme tu, usiojua habari nyingine. Mtu anayeuza nyaya kila siku! Asli alimtania mpaka akaona haya, akarudi mbio kibandani kuleta mwingine. Safari hii kompyuta ikaiona redio, ila programu ikagoma kuisoma, kwa sababu redio ilikuwa imewekwa kuongea kwa kasi moja na programu inasikiliza kwa kasi nyingine. Asli alizijua menyu za redio yake kwa vidole. Akabonyeza, Esekon akamsomea kilichotokea, mpaka kasi zikalingana.

Ndipo kompyuta ikataja masafa kwa Kiingereza chake cha puani. Asli akazungusha kitufe kidogo, ikataja mengine. Akakirudisha, ikarudi naye. Jamani, yule mama alilia pale pale na hakujificha.

Mutea, mnunuzi kutoka Meru, akabisha hodi wakati huo, akasalimia, akakaribishwa chai ya maziwa ya ngamia. Naye alikuwa mtu wa redio mwenye leseni, mpole, lakini jicho halikubanduka kwenye kile chombo. Asli akashika maikrofoni ili amwonyeshe. Alipobonyeza tu, kompyuta ikasema imepoteza redio.

Esekon akaanza upya. Sauti ikarudi. Asli akabonyeza, ikakatika tena. Kusikiliza, sawa, kuzungumza, wapi! Esekon akailaumu kompyuta. Mutea akanywa chai polepole, maana mnunuzi hana haraka ya kukutengenezea kitu anachotaka kukinunua. Adano akasema kwa upole kwamba mama amejaribu, inatosha.

"Haijatosha," Asli akasema. "Keti chini."

Midomo yake ilikuwa imewashwa kidogo alipobonyeza, na mwasho ule aliujua. Kule Korbesa, kiangazi kikikaza, maikrofoni ya chuma ilikuwa ikimuuma mdomo namna hiyo, kwa sababu nguvu za redio zilikosa pa kwenda, zikarudi ndani kwa kufuata nyaya. Walikuwa wakimwagia maji chuma kilichochomekwa ardhini na kufungwa waya wa redio, mambo yakatulia. Na hapa chuma chake kilikuwa wapi? Nyuma, karibu na zizi la mbuzi, kwenye vumbi tupu lisiloonja mvua. Alitaka kiwe chini ya dirisha lake tangu mwanzo. Adano ndiye aliyekataa, kwa sababu hapo chini ya dirisha ndipo watu wa nyumba wanapotawadha.

Asli akamwomba Esekon aking'oe, akigongee hapo hapo chini ya dirisha, ukutani kabisa kisimkwaze mtu.

Adano akasimama. "Mama, hapo ni mahali pa udhu."

"Na maji ya udhu huenda wapi? Yanaenda chini. Acha yapitie kwangu."

Adano akampisha Esekon. Chuma kikazama kwenye ule udongo mbichi bila taabu, na Esekon akakifungia waya mfupi kupitia dirishani. Adhana ya Alasiri ikalia. Adano akachukua jerikeni, akatawadha, mkewe Farhiya naye, kisha Asli mwenyewe, wakaenda kuswali. Esekon na Mutea wakabaki wakitazama maji yakinywewa na ardhi.

Asli aliporudi aliwaomba watu wote wasimame mbali na meza. Akazungusha kitufe mpaka kompyuta ikataja masafa aliyoyataka, masafa halali. Akabonyeza, akaita. Kompyuta haikulalamika. Akaita tena, akaachia, na sauti ya mtu wa Kitale ikajaa chumbani, ikimuuliza kama kweli ni yeye, maana walisikia Mutea anainunua redio yake.

"Mutea yuko hapa, anakunywa chai, anakusalimu," Asli akajibu. "Redio haiuzwi. Na mimi sijaenda popote."

Mutea akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Aliaga vizuri, akaahidi kumwita hewani akifika kwake. Adano alimsindikiza hadi barabarani na hakusema kitu, kama alivyoahidi.

Jua lilipozama alitoka tena na jerikeni, akasimama chini ya dirisha, akaanza kutawadha. Aliposikia mama yake anakohoa ndani, akajisogeza kando kidogo, kwenye zege, asije akamsumbua.

"Miguu uioshee huku karibu na chuma," Asli akasema kutoka dirishani. "Nataka kuita Voi."

Adano akasogea.