Muziki wa Mwisho wa Kanda

Silantoi alikwenda kwenye banda la video la Romanus, pale Lemara, kupima madirisha. Miaka ile deki za video zilikuwa zimeanza kuingia nchini kwa wingi, na Romanus, Mchaga mwenye maneno mengi, alitaka mapazia mazito ili aonyeshe sinema hata jua likiwa kali. Silantoi alikuwa fundi cherehani. Alipanda juu ya benchi, futi shingoni, akaupa mgongo ule ugomvi wa vyombo vya angani uliokuwa ukiendelea kwenye televisheni.

Sinema ikaisha. Watu wakainuka, majina meupe yakaanza kupanda kwenye kioo cheusi, na muziki ambao muda wote ulifunikwa na mabomu, na sauti ya Romanus akiwatafsiria wateja, ukabaki peke yake. Matarumbeta! Si mawili matatu, kundi zima, na chini yake besi zikitembea taratibu kama ng'ombe wanaorudi zizini. Silantoi, aliyepiga tarumbeta la tena, yaani sauti ya tatu, katika bendi ya usharika kwa miaka kumi na miwili, alisahau kushuka.

Romanus akabonyeza kitufe. Kimya.

"Mbona umezima?"

"Imekwisha, dada. Hayo ni majina tu. Lazima nirudishe kanda nyuma, wengine wako mlangoni."

"Muziki haujaisha."

Romanus akacheka. "Sinema hizi ziko sita, na muziki ni uleule."

Haukuwa uleule. Silantoi alizitazama zote sita, na katika ya nne akashika kitu. Kile kipande kifupi cha noti tano, kilichopigwa sinema ya kwanza nahodha akimuaga mama yake, kilirudi polepole, safari hii kikibebwa na besi, nahodha aliposimama mbele ya nyumba yao iliyoungua. Mtu fulani huko mbali alikuwa amekilea kipande kile mwaka hadi mwaka, sinema hadi sinema. Siku hiyo Silantoi aliamua kwamba bendi yao itaupiga muziki ule.

"Mapazia nitashona," alimwambia Romanus, "ila ile ya sita ikiisha, usizime. Acha majina yapite yote, humo ndimo vile vipande vyote vinarudi. Mimi nitakufagilia banda."

Romanus akakubali, ingawa alimwona kama amepatwa na kitu.

Basi akawa anafagia huku ameegemeza sikio kwenye spika, daftari mfukoni, akiandika do-re-mi kama walivyofundishwa kwaya. Wiki mbili za kwanza alipata sauti ya kwanza tu. Kisha besi. Sauti za katikati zilimtesa, na mara kadhaa mgao wa umeme ulimkatia muziki pale pale alipokuwa anakaribia kuushika. Akarudi kesho yake. Sehemu za violini, ambazo bendi haikuwa nazo, akaziandikia matarumbeta madogo. Baada ya miezi mitatu daftari lilikuwa limejaa.

Alimpelekea Mwalimu Philemoni, kiongozi wa bendi, nyumbani kwake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee akalipokea daftari, akaimba kidogo kwa mdomo uliofungwa. "Umeutoa kitabu gani?"

Angeweza kudanganya. "Ni wa sinema, mwalimu. Za vyombo vya angani."

Philemoni akalifunga daftari. "Kwenye mkutano wa bendi kule Makumira tunakwenda kumpigia Mungu, siyo maroketi."

"Mkutano unaruhusu wimbo mmoja wa hiari. Mwaka jana bendi ya Kikwe ilipiga machi ya askari."

"Hapana."

Alirudi mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne alikuja na tarumbeta lake, akasimama kando ya migomba na kupiga kile kipande cha polepole. Philemoni alikuwa anampelekea ng'ombe maji. Alisimama na ndoo mkononi mpaka mwisho.

"Aliyetunga huu amewahi kufiwa," akasema.

"Simjui, mwalimu. Kanda imechakaa, jina lake halisomeki."

"Jumamosi lete nakala ya kila mpigaji."

Kule Makumira, wimbo wa tenzi ulikwenda vizuri. Kisha wakaanza wimbo wa hiari, na katika ukurasa wa tatu, pale ufunguo unapobadilika, kila sauti ikashika njia yake. Ikawa kelele tupu, kisha ikazimika. Watu wakacheka. Philemoni akashusha mikono, uso umemwiva.

Silantoi akasimama. "Tunarudia kuanzia ukurasa wa tatu," alisema kwa sauti, uwanja mzima ukasikia. "Besi, msinifuate mimi. Mimi nitawafuata ninyi."

Philemoni akamtazama, akainua mikono. Besi zikaingia. Walipofika pale walipoangukia, Silantoi aliisikiliza miguu ya besi tu, akavuka nazo, na wenzake wakavuka nyuma yake. Walipomaliza, mama mmoja wa Kikwe akapiga kigelegele, na uwanja ukamwitikia.

Zawadi hawakupata. Wakiwa wamekaa kwenye nyasi wanakula, Philemoni aliliomba daftari, akachomoa kalamu.

"Hapa, sauti ya tatu umekosea. Ndiyo maana tulianguka."

Silantoi akaimba moyoni. Kweli, alikuwa amekosea. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Zile sinema nyingine tano," mzee akauliza huku akisahihisha, "nazo zina muziki mwishoni?"

"Zinao, mwalimu."

"Mwambie huyo Romanus nakuja Jumanne. Aniwekee kiti karibu na spika."