Kumshikia Kawsar Meza

Mama yangu huwaambia majirani wetu wa Ziwani kwamba mimi hutengeneza kompyuta. Nimechoka kumrekebisha. Mkataba wangu unasema mchambuzi wa biashara, na maana yake ni hii: nakaa na watu wanaofanya kazi fulani, nawauliza wanavyoifanya, naandika, kisha waandishi wa programu wanajenga mfumo kwa kufuata nilichoandika. Nikikosea, lawama ni yangu. Nisipokosea pia ni yangu.

Mwezi wa pili kampuni yetu ilipata kazi ya chama cha wanawake wanaoshona shanga kwenye sandali za ngozi, soko la Kariokor. Meza ishirini na nne, kila meza na mwenyewe. Wateja wa mtandaoni wangeagiza kupitia mfumo, nao mfumo ungegawa oda kwa zamu. Nilikaa nao wiki mbili nikinywa chai ya iliki na kuuliza maswali ya kijinga, maana hayo ndiyo hujibiwa vizuri.

Aliyenifungulia kila kitu alikuwa Kawsar wa meza ya tisa, mjamzito wa miezi minane, tumbo limemtangulia. Nilimuuliza mtu akikosa kuja inakuwaje.

"Anashikiwa meza," alisema, akishangaa kuna mtu mzima asiyejua. "Mimi nikijifungua nitakaa ndani siku arobaini. Mama Keynan na hawa wengine watashona oda zangu, watazitoa kwa jina langu. Nikirudi nawakuta wateja wangu na meza yangu. Mama Keynan alipofiwa na mumewe, mimi ndiye nilimshikia."

Mama Keynan, mkubwa wao kwa umri, aliitikia kwa kichwa bila kuinua macho kwenye sindano. "Andika hiyo vizuri, mwanangu. Hiyo ndiyo chama yenyewe."

Niliandika. Kilikuwa kipengele cha kumi na tisa kati ya arobaini na viwili.

Vivian, meneja wangu, alikifuta. Alikuwa amebeba utaratibu mzimamzima kutoka kwa mfumo tuliouzia kampuni ya pikipiki za mizigo: kila asubuhi mfanyakazi anajipiga picha ya uso kwa simu akiwa pale pale kazini ndipo apewe oda, na asipoonekana siku thelathini mfumo unamwondoa, nafasi yake inaenda kwa anayefuata kwenye orodha ya wanaosubiri.

"Vivian, hawa si watu wa pikipiki," nilimwambia. "Kuna mtu anajifungua mwezi ujao. Atapoteza meza."

"Nthambi, kufanya kazi kwa jina la mtu mwingine ni udanganyifu. Na tunazindua Ijumaa. Hiyo iweke awamu ya pili."

Awamu ya pili! Nimeona mambo mengi ya maana yakipelekwa huko, na sijaona hata moja likirudi. Nilibishana naye dakika ishirini. Sawa, labda kumi. Kisha nikausaini waraka bila kipengele cha kumi na tisa, kwa sababu bila saini yangu hauendi popote, na kwa sababu mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi uliofuata na nilitaka mwingine. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kawsar alijifungua mtoto wa kike wiki moja baada ya uzinduzi. Siku ya arobaini na moja alinipigia simu.

"Dada Nthambi, kuna mtu kwenye meza yangu."

Nilifika Kariokor mbio. Wenzake walikuwa wamejaribu kumshikia. Mama Keynan alikuwa amejipiga picha kwenye simu ya Kawsar mara sita, na mara zote sita mfumo ukamjibu kwamba uso haufanani. Siku ya thelathini meza ya tisa ikapewa Triza, aliyekuwa amengoja nafasi miaka miwili. Alikuwa anashona kichwa ameinamisha, na sikuwa na la kumlaumu.

"Mashine imesema," Muindi, mwenyekiti wa chama, aliniambia. "Tulikubaliana tuifuate ndiyo kusikuwe na mapendeleo. Nikimtoa huyu leo, kesho nitaambiwa nimehongwa."

Nilimpigia Kitonga, aliyeiandika programu.

"Niaje, Nthambi. Hiyo ni kitu ya dakika mbili, lakini siwezi guza bila Vivian kusaini. Na si wewe ndio ulisaini hii karatasi? Jina yako iko hapa chini."

Vivian hakushika simu. Alituma ujumbe wa maneno matatu, nanyi mnayajua.

Kawsar alikuwa amesimama mbele yangu, mtoto begani. "Ulisahau?" aliniuliza.

Ningesema ndiyo, yangeisha. Nikamwambia ukweli: niliandika, ikafutwa, nikasaini.

"Ungesahau ingekuwa afadhali," Mama Keynan alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Amini usiamini, awamu ya pili ilikuja, mwezi wa saba. Vivian alinituma Kariokor na orodha ya maswali, la kwanza likiwa sababu zinazomfanya mshonaji asiwepo. Nilitaka kumrushia ile orodha usoni. Nilienda.

Triza alikuwa bado meza ya tisa. Kawsar alikuwa amejibanza pembeni mwa meza ya Mama Keynan, mtoto amelala kwenye kikapu chini, akishona haraka haraka. Kila jozi aliyoimaliza aliisukuma upande wa pili, na Mama Keynan akaitia kwenye oda zake mwenyewe. Nilipovuta stuli, Mama Keynan alizifunika jozi hizo kwa leso yake.

"Mama Keynan, ni nini humfanya mtu akose kuja kazini?"

"Hakuna anayekosa."

"Akiugua?"

"Hatuugui."

Nilimgeukia Kawsar. Aliuma uzi kwa meno, akanitazama kwa ile heshima baridi watu wanayompa askari wa kaunti aliyekuja kukagua vibali.

"Na hatuzai, dada. Andika."

Kikapuni mtoto alianza kulia. Hakuna aliyemwinua, wala hakuna aliyegeuza macho, wakanisubiri wote nimalize kuandika. Nikaandika: hakuna anayekosa, hawaugui, hawazai. Kisha nikaondoka haraka ili mama yake aweze kumnyonyesha.