Kiti Ambacho Fundi Hakukitengeneza

Mtaani walimwita Brashi, na wengi hawakulijua jina lake jingine. Kwa miaka ishirini na saba alichora mabango ya maduka, saluni na zahanati, mpaka siku ngazi ilipoteleza akaangukia mkono wa kulia. Mfupa uliunga, lakini uliunga upande. Tangu hapo kila akiandika herufi O, ilitoka kama yai lililokaliwa.

Mdogo wake ndiye aliyemwandikisha kwenye mafunzo ya wiki tatu, ghorofa ya juu ya maktaba: kutengeneza video fupi za matangazo kwa akili mnemba, na jinsi ya kulipwa kwa kazi hiyo. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, na Brashi aliwazidi wote umri, mwalimu akiwemo. Wiki ya kwanza nusura aache. Aliiomba mashine mzee anayekunywa chai, ikampa mzee anayetafuna kikombe. Mwalimu, binti mpole mwenye sauti ndogo, alimwambia aieleze kila kitu kama anayemwelekeza mgeni njia, maana usichokitaja itakitunga yenyewe. Hilo Brashi alilielewa nusu.

Kazi ya kwanza ya malipo aliipata kwa shemeji yake, mume wa mdogo wake huyo huyo, fundi seremala. Alitaka video ya sekunde ishirini ya kutangaza viti vyake. Brashi aliieleza mashine: chumba cheupe, jua la asubuhi, mama mtu mzima ameketi kwenye kiti cha mbao anasoma, kisha anafunga kitabu, anainuka na kwenda dirishani. Kiti chenyewe hakukieleza. Mashine ikaleta kiti chenye mikono iliyopinda kama shingo ya bata, mgongo umesukwa kwa vijiti vyembamba. Waliitazama video pamoja karakanani, vumbi la mbao likiwatua mabegani. Fundi alisema kiti hicho si kazi yake. Akaitazama tena, akasema iende hewani tu. Watu wakija atawaonyesha vyake.

Watu walikuja kweli. Kwa siku nne waliingia na simu mkononi, wakaonyeshwa viti vya fundi, vizito na vya kudumu, wakashukuru na kuondoka. Siku ya tano akaja mkunga mstaafu, mama aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, akitembelea gongo. Alikuwa amepanda mabasi mawili. Aliweka simu juu ya meza ya kazi, akakigusa kile kiti cha kwenye video kwa kidole, akasema anataka hicho na si kingine. Fundi alilitazama gongo, akaona haya kusema ukweli. Akamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Fundi alipompigia Brashi simu hakufoka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Shemeji, umenichorea kiti kisicho na mifupa," alisema. "Sasa njoo tukitafutie."

Brashi alikwenda na chaki. Aliisimamisha video kila baada ya hatua ndogo, akakichora kiti kwenye ubao mpana kwa ukubwa wake halisi. Hapo ndipo walipoona kwamba mguu mmoja wa nyuma haukufika sakafuni, na mkono wa kushoto ulizama kwenye kikalio bila kiungo chochote. Fundi akakisia palipokosekana, akaanza kupinda mbao kwa mvuke. Mkono wa kwanza ulipasuka, na wa pili ukapasuka. Wa tatu ulishika, lakini alipouegemea ulilia kama mlango mkuukuu. Akauweka chini taratibu, akasema hawezi kumkalisha mgonjwa wa nyonga juu ya kitu kama hicho.

Brashi akaenda kwa mwalimu. Yule binti alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza jambo moja tu: video ile bado iko hewani? Ilikuwepo. Brashi aliifuta pale pale, ingawa hakuwahi kutengeneza nyingine iliyoifikia. Kisha akamwambia shemeji yake kwamba mkunga akirudi, atakayezungumza ni yeye.

Mkunga alirudi kabla ya wiki mbili kutimia. Brashi alimpa stuli, akamwambia ukweli bila kuzunguka: kiti kile hakipo na hakijawahi kuwepo. Mkunga akauliza kuhusu yule mama wa kwenye video. Naye hakuwepo. Na chumba?

"Hata jua halikuwepo, mama. Nisamehe."

Mkunga aligeuza gongo mkononi. "Kiti sikukitazama sana," alisema. "Nilimtazama yule mama anavyoinuka. Hakutafuta pa kushika. Mimi nikishakaa, namsubiri mwanangu atoke kazini aje aniinue."

Fundi, aliyekuwa kajificha nyuma ya kabati ambalo halijapakwa rangi, alitoka na futi. Alimpima kutoka unyayo hadi goti, na kutoka kwenye kikalio cha stuli hadi kiwiko, akamuuliza upande upi unamuuma zaidi. Kiti alichomtengenezea kilikuwa kirefu kuliko kawaida, mikono imenyooka, ncha zake zimeviringwa zijae kiganjani. Hakikuwa kizuri. Brashi alikiona kama kiti cha karani.

Siku ya kukichukua, kwa ruhusa ya mkunga, Brashi alimrekodi kwa simu. Mara ya kwanza mkunga alijaribu kuinuka, akafika nusu akarudi chini. Mara ya pili vivyo hivyo. Ya tatu aliinuka, akasimama anahema, hakuna aliyemgusa. "Haya," alisema.

Nyumbani, Brashi alijua angeweza kuziondoa zile mara mbili, hata kufuta kule kuhema. Aliziacha. Aliiagiza mashine ipunguze tu mlio wa msumeno, na iweke maneno chini kwa wasiosikia vizuri.

Walioitazama hawakufika hata robo ya wale wa video ya kwanza. Ila waliokuja karakanani walikuja na wazazi wao, wakitaka wapimwe. Fundi alimlipa Brashi kwa video hiyo. Malipo ya ile ya kwanza Brashi hakuyadai.

Mteja wa pili wa Brashi alikuwa muuza viatu, aliyetaka viatu vyake vionekane vikitembea juu ya mawingu. Brashi alimwambia hilo ni jambo dogo. Kisha akamwomba amletee kwanza jozi moja, ili Brashi mwenyewe aivae wiki nzima.